Mtoto Tuliyemzika Keringet

Juzi mlipokuja kwangu Lanet, nyinyi vijana wa Rhonda, mkaomba kupiga video yenu mbele ya geti langu, nilikubali kabla hamjamaliza kueleza. Mtu akishastaafu huwa anangoja tu mtu abishe. Nikawatolea viti, nikawachemshia chai, nikakaa pembeni nikijifanya nachambua sukumawiki. Kisha mkamlaza mwenzenu Brenda barabarani, mkammwagia ule uji wenu wa rangi nyekundu, mmoja akaegesha bodaboda karibu na miguu yake, na simu ikaanza kazi.

Brenda alilala vizuri. Alilala vizuri mno. Mkono wangu ukasimama kwenye mboga.

"Mama yake anajua?" nikauliza.

Mkacheka. Yule mwenye rasta, anayeniita Shosh kama nyanya yake, akasema, "Shosh, tulia. Ni klipu tu. Haina hata sauti. Tunairusha jioni."

"Na nyanya yake?"

"Nyanya yake ako ushago, Shosh, huko kijijini. Hana hata simu ya maana."

Sikuendelea. Najijua. Nikianza kuongea juu ya jambo hili pumzi hunikatika, maneno hupandana, na vijana wana haraka. Basi nimekaa nikaandika. Someni mkipata nafasi, hata kama ni kwa zamu.

Jina langu mnalijua, Rosa Nekesa, ila kazi yangu hamkuwahi kuiuliza. Nilikuwa mwigizaji wa sinema zisizo na sauti. Nilizaliwa katika nyumba za reli hapa Nakuru, baba akiwa fundi wa mabehewa aliyetoka upande wa Bungoma, na katika miaka ya sabini nilichukuliwa na ofisi moja iliyokuwa ikitengeneza filamu za kufundisha watu wa mashambani. Namna ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Namna ya kuchimba choo. Namna ya kulisha mtoto. Tulipiga picha bila sauti kabisa, kwa sababu mitambo ya sauti ilikuwa ghali, na pia kwa sababu filamu moja ilitakiwa ieleweke Molo kwa watu hawa na Gilgil kwa watu wale. Gari la sinema lilifika sokoni au kanisani, shuka jeupe likatundikwa, na jamaa mmoja akasimama kando na kipaza sauti akieleza kila kitu kwa lugha ya pale. Jamaa huyo kwetu alikuwa Kiprono. Aliyeshika kamera, akatuongoza, akatupigia kelele, na akaendesha gari pia, alikuwa Mzee Odera.

Odera ndiye aliyenifundisha. Siku ya kwanza alinipa debe tupu nipite nalo mbele ya kamera kana kwamba limejaa maji. Nikapita nikijikunja na kukunja uso. Akaniambia nirudi nyuma, akalijaza debe maji kweli, akaniambia nipite tena. "Sasa angalia shingo yako," akasema. "Shingo haijui kudanganya." Tangu siku hiyo sikuwahi kubeba kitu kitupu. Hata nyinyi, mkitaka mtu aonekane amebeba mzigo, mpeni mzigo.

Kulia nako alinifundisha. Mimi nilikuwa nikilia kwa uso wote, mdomo wazi, kamasi chini. Odera akasema uso wa namna hiyo kwenye shuka kubwa unachekesha watoto. Akaniambia nigeuke, nilie kwa mgongo. Nikacheka. Akasisitiza. Basi jaribuni nyumbani: geukeni ukutani, vuteni pumzi, halafu izuieni ikitaka kutoka. Mabega yatafanya yenyewe.

Na msidhani kwamba kukosa sauti ni kukosa maneno. Siku moja huko Njoro, Odera alinikalisha chini ya ng'ombe tangu asubuhi, nikikamua, nikiacha, nikikamua tena, mpaka ng'ombe mwenyewe akawa ananiangalia kwa huruma. Mwishowe akasema nigeukie kamera nitabasamu. Nikageuka, nikatabasamu vizuri, na huku nikitabasamu nikamwambia kwa Kibukusu kwamba kichwa chake kimejaa samadi na mama yake alipoteza muda kumzaa. Nani angesikia? Filamu ilipoonyeshwa kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba za reli, nusu ya watu pale wakiwa wa kwetu, walinisoma midomo neno kwa neno. Uwanja ulilipuka. Kiprono, ambaye hakuelewa kitu, akasema kwenye kipaza sauti, "Mama hapa anasema maziwa ni afya kwa jamii nzima," na watu wakaanguka chini. Baba yangu peke yake ndiye hakucheka. Alivaa kofia yake akaenda nyumbani, nami nikabaki uwanjani mpaka watu wote wakaondoka, nikiogopa kumfuata.

Hayo ni ya kucheka. Sasa niwaambie lililonifanya niulize habari za nyanya ya Brenda.

Ofisi ilitaka filamu juu ya ukambi, yaani surua. Wakati huo ukambi uliua watoto wengi, na watu wengi walimfungia mgonjwa ndani, gizani, bila kumpa maji ya kutosha, wakingoja upele ukauke. Filamu ilikuwa ya mama anayefanya hivyo hivyo. Majirani wanamsihi ampeleke mtoto hospitali, anakataa, mtoto anakufa, anazikwa. Mama huyo nilikuwa mimi.

Tulipigia Keringet, kule juu Kuresoi, kwenye baridi na matope, katikati ya mashamba ya pareto. Mtoto tulimpata pale pale. Aliitwa Chebet, hajaanza shule, mwenye mashavu mekundu kwa baridi na maswali yasiyokwisha. Mama yake, Rael, alikuwa akichuma pareto. Alikubali mtoto wake aigize, na akaja naye kila siku, akasimama nyuma ya kamera akimwonyesha cha kufanya. Nyumbani kwao kulikuwa pia na nyanya ya Chebet, wanamwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha yao. Ila Kogo wakati huo alikuwa amekwenda kukaa kwa binti yake mwingine Londiani. Hakutuona tukifanya kazi.

Siku ya maziko tulichimba shimo fupi, tukamlaza Chebet ndani kwenye nyasi kavu, tukamfunika blanketi mpaka kifuani. Alipigwa picha hivyo, macho yamefungwa. Kisha Odera akamwambia asogee upande mmoja wa shimo, tukaweka furushi la magunia chini ya blanketi, na mimi nikatupa udongo juu ya furushi huku nikilia kwa mgongo. Odera akapiga mpaka utepe ukaisha. Akasema, "Basi! Mtoto atoke."

Chebet hakutoka.

Rael akamwita. Kimya. Mimi nikaingia shimoni, nikamshika bega, nikamtikisa. Kichwa kikalegea upande. Sijui kama mmewahi kusikia mwili mzima ukiwa baridi kuanzia nyayo. Nikamtikisa tena kwa nguvu, na ndipo akapiga chafya kubwa, akafikicha macho, akatoa punje ya udongo sikioni akaiangalia, akauliza, "Chai iko?" Alikuwa amelala usingizi. Tulicheka mpaka machozi, Rael akacheka kuliko sote, lakini usiku nilipolala sikuweza kuutoa mkononi uzito wa kile kichwa kilicholegea.

Filamu ikakamilika. Iliishia kwenye udongo na mgongo wangu. Odera aliipenda sana. Gari likaanza kuizungusha, na mimi nikaanza kuogopa kutoka nje.

Mnajua, leo mtu akiona video anajua kuna mtu alishika simu. Watu wengi wa wakati ule hawakuwa wameona sinema kabla. Walijua yule mama ameacha mtoto afe. Sokoni Molo mwanamke mmoja aliniona akamvuta mtoto wake nyuma ya gauni. Muuza viazi alikataa kunipimia, akasema tu, "Endelea, mama, endelea." Hapa Nakuru, mjini, kijana mmoja alinifuata akiniita muuaji mpaka nikajificha dukani kwa fundi viatu. Nikaanza kufunga kitambaa mpaka usoni. Odera alisema ni sifa, kwamba watu wakikuchukia hivyo ujue umefanya kazi. Labda. Mimi nilikuwa msichana ambaye hajaolewa, na nilikuwa nikishtuka kila nikisikia hatua nyuma yangu.

Halafu asubuhi moja Kiprono akaja nyumbani kwetu kabla sijawasha moto jikoni. Gari lilikuwa limerudi kutoka upande wa Kuresoi. Hakuketi.

"Rosa, mtoto ni mgonjwa," akasema.

"Mtoto gani?"

"Yule tulimzika."

Nikamwambia asiseme hivyo tena. Akaniomba msamaha, akaeleza. Walikuwa wameonyesha filamu Keringet, mchana, kwenye ukumbi wa kanisa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Kogo alikuwa amerudi kutoka Londiani, na mtu akamwambia njoo uone mjukuu wako kwenye shuka. Akaja, amevaa vizuri, akakaa mbele. Akamwona mjukuu wake akifa, akaona shimo, akaona mimi natupa udongo. Alipiga ukemi mmoja akatolewa nje. Chebet aliletwa mbele yake akiwa mzima, akamshika, akaenda naye nyumbani. Siku chache baadaye Chebet akapata ukambi.

"Amemfungia ndani," Kiprono alisema. "Anasema mtoto ameshazikwa, na aliyezikwa hatolewi nje watu wakamwangalia. Hospitali hataki kusikia. Rael amejaribu. Hata mimi nimejaribu. Ananiita yule wa kelele."

Mama yangu hakutaka niende. "Ukifika na mtoto afe, watasema nini?" Hilo nililiwaza njia nzima. Nilipanda basi mpaka Molo, halafu nyuma ya lori, na kila kona nilikuwa najiambia nitashuka nirudi. Nilikuwa najiuliza pia jambo baya zaidi: kama Kogo ana haki. Kama kuna kitu kweli tulikiita tulipomlaza mtoto mzima shimoni. Nilikuwa Mkristo, nimebatizwa, na bado nililiuliza.

Nilipofika, watoto waliokuwa uani walikimbia. Rael akatoka jikoni, macho yamevimba, akanishika mkono bila kunisalimia. Kogo alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba, kifimbo chake amekilaza mapajani kutoka upande hadi upande, mlango umezibwa. Nyuma yake kulikuwa giza na moshi. Nikasikia kikohozi cha Chebet, kidogo, kikavu.

Nikainama nikamsalimia. Akasema kitu, na Rael akakigeuza kwa Kiswahili huku akiangalia chini.

"Anasema wewe ulimlilia mtoto wake akiwa mzima. Anauliza kama umekuja kumlilia tena."

Nikajibu kwamba nimekuja tumpeleke hospitali. Rael akatafsiri. Kogo akatazama mbali. Basi nikafanya nililolijua. Nikaonyesha kwa mikono: namna ya kumfunga mtoto mgongoni, namna ya kwenda, daktari anavyoinama, maji anayonyweshwa, mtoto anavyonyanyuka. Nilikuwa nimeigiza hayo mara nyingi, na niliyafanya vizuri. Kogo akanyanyua kifimbo akanielekezea mikono.

"Hiyo ndiyo mikono," Rael akasema kwa sauti ya chini. "Anasema hiyo ndiyo ilitupa udongo. Anasema uishushe."

Nikaishusha. Sikujua niiweke wapi. Nikakaa chini kwenye matope ya uani, mbele ya yule mama mzee, na mikono yangu nikaikalia. Chebet akakohoa. Jua lilikuwa linatoka na kuingia mawinguni, na mimi nilikuwa nasikiliza tu kikohozi, nikiogopa kitakapokoma.

Ndipo Kogo akauliza swali, polepole, bila hasira. Rael akashangaa, akamwuliza tena, kisha akanigeukia.

"Anauliza mlimtoa lini."

"Kumtoa wapi?"

"Shimoni."

Nikamwangalia Kogo usoni, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa anaogopa kama mimi. Filamu ilikuwa imeishia kwenye udongo. Kiprono alikuwa amesema kwenye kipaza sauti kwamba huo ndio mwisho. Yale yaliyofuata, chafya, chai, kicheko chetu, Kogo hakuwepo kuyaona. Na mtoto aliyeletwa mbele yake nje ya ukumbi angejuaje ametoka wapi? Hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha mjukuu wake akitoka kwenye lile shimo.

"Rael," nikasema, "niletee blanketi."

Nikalala pale pale uani, chali. Nikajifunika mpaka kifuani. Nikafunga macho, nikalegeza kichwa upande, kama Chebet alivyokilegeza. Nilisikia wanawake wa jirani waliokuwa wamekusanyika langoni wakivuta pumzi, mmoja akaomba jina la Yesu. Nikakaa hivyo. Nilitaka kuamka mapema na nikajizuia, kwa sababu Chebet hakuamka mapema. Kisha nikakoroma kidogo. Nikapiga chafya. Nikakaa, nikafikicha macho kwa ngumi mbili kama mtoto, nikaingiza kidole sikioni, nikatoa punje ya udongo, nikaiangalia kwa makini sana. Nikauliza kwa ile sauti yake nyembamba, "Chai iko?"

Rael alianza kucheka. Alicheka huku analia, akamwambia Kogo kwa lugha yao maneno mengi ya haraka, na katikati niliweza kushika kwamba anasema ndiyo, ndivyo ilivyokuwa, hivyo hivyo, nilikuwepo, mama, nilikuwepo.

Kogo hakucheka. Akasema neno moja.

"Anasema rudia," Rael akasema.

Nikalala tena. Nikafa, nikakoroma, nikapiga chafya, nikaomba chai. Akasema rudia. Nikarudia. Gauni langu lilikuwa limelowa matope mgongo wote na meno yanagongana kwa baridi. Akasema rudia. Sijawahi kuigiza vile maishani, si kabla wala baada, kwa maana kila nilipofunga macho nilikuwa nasikia kile kikohozi ndani ya nyumba kikizidi kuwa kidogo, na nilijua nikikosea hata chafya moja yule mzee hatanyanyuka. Mara ya mwisho nilipofumbua macho, kifimbo kilikuwa kimeegemezwa ukutani na kizingiti kilikuwa wazi.

Kogo mwenyewe ndiye aliyemtoa Chebet. Alimfunga mgongoni, akakataa tumsaidie. Tulisimama barabarani mpaka lori la maziwa likapita, dereva akatupakia mbele. Mtoto alikuwa moto kama jiko, macho yamegandamana kwa usaha, midomo imepasuka. Nilimdondoshea maji kwa ncha ya kitambaa njia nzima. Hospitalini muuguzi alimpokea, akatuambia tungoje nje, na kungoja kule sina maneno yake mpaka leo. Kogo alikaa kwenye benchi ameshika ncha ya gauni langu. Hakuwa akinibembeleza. Nadhani alikuwa ananizuia nisiondoke kabla hajajua mwisho.

Chebet aliishi. Jicho la kushoto lilibaki na ukungu, halikuona vizuri tena. Wangemleta mapema, labda lingepona. Amezaa, ana wajukuu, na akinipigia simu bado huuliza kama chai iko.

Nilirudi Nakuru nikamwambia Odera sitasimama tena mbele ya kamera yake mpaka filamu ile ipate mkia. Tuligombana. Yeye alisema mtoto akiamka, mafunzo yameharibika, hakuna mama atakayeogopa. Nami nilijua kuna ukweli ndani yake, maana wapo waliokimbiza watoto hospitali kwa sababu ya hofu ile. Tukakubaliana hivi: filamu ibaki ilivyo, ila kila tulipoweza, taa zikiwashwa, mimi nisimame mbele ya shuka nivue kitambaa, niseme jina langu, na niseme yule mtoto anaitwa nani na anakaa wapi. Baadhi ya watu walinizomea hata hivyo. Wengine walikuja kunigusa mkono kuhakikisha.

Kazi yenyewe haikudumu. Filamu zenye sauti zilipofika ofisini, walinisikiliza siku moja wakasema Kiswahili changu kina Kibukusu kingi. Odera akastaafu, Kiprono akaenda kulima. Mimi nikawa nashonea kwaya sare na kufundisha watoto michezo ya Krismasi kanisani, na hapo ndipo niliponunua kiplot hiki cha ardhi huku Lanet mnachokijua.

Lakini kabla ya hayo tulirudi Keringet mara moja. Ukumbi ule ule wa kanisa, mablanketi yale yale madirishani. Sikutaka filamu hiyo ionyeshwe pale tena, nilimwambia Kiprono aiache, aonyeshe ile ya kupe. Kogo ndiye aliyetuma watu kusema anataka kuiona. Alikuja akakaa benchi la mbele, Chebet mapajani mwake, mkubwa kidogo sasa, miguu inaning'inia. Nilikaa pembeni yao.

Taa zikazimwa. Kiprono akaanza kueleza. Mama akafunga mlango, majirani wakamsihi, mtoto akalala kitandani. Likaja shimo. Nikamgeukia Kogo kuona atafanya nini, nikiwa tayari kusimama nizuie mtambo wa kuonyeshea.

Hakuwa akitazama shuka. Nadhani hakulitazama hata kidogo tangu mwanzo. Alikuwa ameinamisha kichwa, na kiganja chake amekiweka chini ya pua ya mtoto, karibu kabisa, anapokea pumzi. Kule mbele udongo ulikuwa unaanguka. Chebet akaniangalia kwa lile jicho lake zima, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayetekenywa, na Kogo hakuuondoa mkono mpaka taa zilipowaka.